Hisabati haisomwi kwa upweke: Vijana wanavyofundishana takwimu na uwezekano

Miongoni mwa masomo yanayowatia hofu watoto wetu kila mtihani wa taifa wa kidato cha nne unapokaribia, hakuna linalolishinda somo la Hisabati. Kwa miaka mingi somo hili limekuwa likishika mkia katika ufaulu, hata imefikia mahali baadhi ya wanafunzi huingia katika chumba cha mtihani wakiwa wamekwisha kukata tamaa. Huandika namba zao, huchorachora kidogo, kisha husubiri muda uishe.

Ndani ya somo hilo zipo mada mbili ambazo mwanafunzi wa kawaida hana sababu ya kuzipoteza: takwimu na uwezekano. Takwimu ni elimu ya kukusanya hesabu za mambo, kuzipanga na kuzisoma. Uwezekano ni elimu ya kupima ni kwa kiasi gani jambo linatarajiwa kutokea. Mada hizi hazidai kanuni nyingi za kukariri. Zinadai kulisoma swali kwa makini na kufikiri kwa utaratibu, na kwa sababu hiyo zinafaa mno kusomwa na watu wawili, watatu au watano walioketi pamoja.

Kwa muda sasa, katika vyumba vya madrasa vilivyo nyuma ya msikiti wetu, vijana wa kidato cha tatu hadi cha sita hukutana kila Jumamosi na Jumapili, kuanzia baada ya sala ya Alasiri hadi karibu na Magharibi. Wavulana wana chumba chao, na wasichana wana chao wakisimamiwa na binti aliyehitimu chuo cha ualimu. Hakuna anayelipa na hakuna anayelipwa. Kamati hutoa ubao, chaki na taa. Kazi yangu kama katibu ni kufungua milango na kuifunga, lakini nimekuwa nikikaa nyuma na kusikiliza, na niliyoyasikia nimeona si vyema yakabaki kwangu.

MACHUNGWA MANANE

Chukua swali hili, ndugu msomaji, ambalo kwa sura moja au nyingine halikosekani katika mitihani. Kikapu kina machungwa 8. Kati ya hayo 5 ni mazima na 3 ni mabovu. Mtu anatoa machungwa mawili bila kutazama, moja baada ya jingine, wala harudishi la kwanza. Je, kuna uwezekano gani wa kupata moja zima na moja bovu?

Kijana wa kwanza aliandika ubaoni: la kwanza zima ni 5/8, yamebaki 7, basi la pili bovu ni 3/7, nikizidisha napata 15/56. Wa pili alikuwa amepata 15/64, kwa kuwa alisahau kuwa chungwa halikurudishwa, asili ya sehemu yake ikabaki 8 badala ya kushuka kuwa 7. Wa tatu hakuwa na jibu lolote, lakini ndiye aliyeuliza swali lililowafaa wote: “Kwani lazima lianze zima? Likianza bovu je?”

Chumba kilinyamaza. Swali halikusema lipi litangulie. Kuanza na bovu ni 3/8 mara 5/7, nayo ni 15/56 nyingine. Zikijumlishwa zinakuwa 30/56, yaani 15/28. Kisha mmoja wao akapendekeza wahakiki: mazima mawili ni 20/56, mabovu mawili ni 6/56, na mchanganyiko ni 30/56. Ukijumlisha unapata 56/56, yaani moja kamili. Hakuna kilichosahaulika.

Kijana asiyejua jibu ndiye aliyewafungulia wenzake mlango. Angekaa peke yake nyumbani, swali lake lingekufa naye. Na yule wa kwanza angekaa peke yake, angejitia alama ya vema pembeni mwa jibu lisilo sahihi na kuendelea mbele kwa furaha.

TATIZO LA LUGHA

Watoto wetu husoma Hisabati kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha sekondari hukutana nayo kwa Kiingereza. Katika mada nyingine mwanafunzi anaweza kuokolewa na alama na michoro. Katika uwezekano haokolewi, kwa sababu swali zima hukaa ndani ya neno moja dogo.

Sarafu imerushwa mara tatu. Uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni upi? Niliwashuhudia wasichana watatu kati ya watano wakijibu 3/8. Hilo ni jibu la swali jingine, la kupata kichwa mara moja tu. Aliyewasaidia hakuanza na kanuni. Aliwauliza kwa Kiswahili chepesi: “Mama akikwambia lete angalau kilo moja ya mchele, ukileta kilo mbili atakugombeza?” Wakacheka. Basi angalau mara moja ni mara moja, au mbili, au zote tatu. Kinachotolewa ni hali moja tu, ile ya kutopata kichwa kabisa, ambayo uwezekano wake ni 1/8. Jibu ni moja kutoa 1/8, yaani 7/8.

Kuanzia siku hiyo wametengeneza daftari la maneno. Kila neno la Kiingereza linalogeuza maana ya swali huandikwa, na mbele yake huandikwa maana yake kwa Kiswahili pamoja na mfano wa nyumbani au sokoni. Nimelitazama daftari hilo. Halina kurasa nyingi, lakini kwa hakika lina thamani kuliko vitabu vingi vya majibu vinavyouzwa mitaani.

JEDWALI NA MPAKA WAKE

Upande wa takwimu, kosa lao kubwa halikuwa la kutofahamu bali la kutokuwa waangalifu. Tuseme alama za wanafunzi 40 zimepangwa hivi: waliopata 31 hadi 40 ni 4, 41 hadi 50 ni 10, 51 hadi 60 ni 14, 61 hadi 70 ni 8, na 71 hadi 80 ni 4. Tafuta mediani, yaani alama inayoligawa kundi katikati.

Nusu ya 40 ni 20. Makundi mawili ya mwanzo yana watu 14, kwa hiyo mtu wa 20 yumo katika kundi la 51 hadi 60, na tunahitaji watu 6 kati ya 14 wa kundi hilo. Hadi hapo wote walikwenda pamoja. Kisha wakagawanyika: wengine walianzia 51, wengine 50.5. Wengine walisema upana wa kundi ni 9, kwa kutoa 51 katika 60, na wengine wakasema ni 10.

Ubishi ulichukua karibu nusu saa, na nilimzuia mwalimu mmoja aliyepita asiwape jibu. Hatimaye kijana wa kidato cha tatu aliwaambia wahesabu kwa vidole kutoka 51 hadi 60. Wakapata namba kumi. Kuhusu mpaka, akawauliza: mwisho wa kundi moja ni 50 na mwanzo wa linalofuata ni 51, je, nafasi iliyo katikati ni ya nani? Wakakubaliana kuigawa nusu kwa nusu. Basi mediani ni 50.5 ongeza 6/14 mara 10, yaani takriban 54.8. Nina yakini kwamba hakuna aliyekuwamo siku ile atakayesahau tena habari ya mpaka, kwa kuwa hakuambiwa. Alibishana mpaka akafika.

DADU NDANI YA MADRASA

Jambo hili halikuanza bila mtihani wake. Siku moja mzee wetu mmoja, mjumbe wa kamati, alipita dirishani akasikia maneno “dadu” na “karata” yakitajwa kwa sauti. Baada ya sala aliniita pembeni. “Bwana Katibu,” alisema, “dadu zinatafuta nini katika chumba cha madrasa?”

Swali la mzee lilikuwa la haki, na liliwekwa katika ajenda ya kikao cha kamati. Wapo waliosema kikundi kifungwe, na wapo waliosema kihamie shuleni. Tukaafikiana kwanza tuwasikilize vijana wenyewe. Mmoja wao alimwamkia mzee kwa adabu, kisha akaeleza kwamba hawana dadu wala karata, lakini maswali ya mtihani yanazo. Mtunga swali hudhani kila mtoto anajua kwamba karata ziko 52, zimegawanyika katika aina nne, kila aina ina 13, aina mbili ni nyekundu na mbili nyeusi. Mtoto aliyelelewa katika nyumba isiyoingiza karata hajui hata moja katika hayo, na hupoteza alama kwa kutojua jambo ambalo wazazi wake walimlinda nalo kwa nia njema. Kwa hiyo wao huyaandika hayo ubaoni kama maelezo tu. Ama dadu, huweka vipande sita vya karatasi vyenye namba 1 hadi 6 ndani ya kofia, kwani hesabu haibadiliki.

Mzee aliomba kofia hiyo. Akatoa karatasi, ikawa 4. Akairudisha, akatikisa, akatoa tena 4. Akasema kwa yakini kuwa mara ya tatu haiwezi kuwa 4. Kijana akamjibu kwa upole kuwa uwezekano bado ni 1/6, kwa maana karatasi hazijui kilichotoka kabla. Mzee alitabasamu, akasema: “Basi karatasi hazina kumbukumbu.” Kikundi hakikufungwa. Na sentensi ile ya mzee sasa imeandikwa juu ya ubao wao.

ELIMU ILIYOANZA KWA KUSAIDIANA

Si ajabu kwamba mada hii hustawi kwa ushirikiano, kwani hata asili yake ni hiyo. Katika mwaka 1654 wanahisabati wawili wa Ufaransa, Blaise Pascal aliyekuwa Paris na Pierre de Fermat aliyekuwa Toulouse, waliandikiana barua juu ya mas-ala yaliyotokana na mchezo wa kamari. Watu wawili wameweka kila mmoja sarafu 32 za dhahabu, na atakayetangulia kushinda mara tatu atachukua zote. Mchezo umekatizwa wakati mmoja ameshinda mara mbili na mwingine mara moja. Mali igawanywe vipi kwa haki?

Pascal alisema: tufikirie raundi moja zaidi. Wa kwanza akishinda, anachukua zote 64. Akishindwa, wamelingana, na kila mmoja ana haki ya 32. Kwa hiyo 32 ni zake kwa vyovyote, na zilizobaki 32 zigawanywe nusu. Mmoja apate 48 na mwingine 16. Fermat alifika kwa njia nyingine, ya kuorodhesha matokeo yote yanayowezekana, na majibu yao yakalingana. Barua hizo huhesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya elimu ya uwezekano. Wawili hao walikuwa vinara wa zama zao, na bado kila mmoja alimhitaji mwenzake kuhakiki hesabu yake.

Wala wanazuoni wa Kiislamu hawakuwa mbali na uwanja huu. Katika karne ya 8 huko Basra, Al-Khalil bin Ahmad, aliyeasisi kamusi ya Kiarabu ijulikanayo kama Kitab al-Ayn, aliipanga kwa kuzizungusha herufi za kila asili ya neno. Herufi tatu hupangika kwa namna 6, nne kwa namna 24 na tano kwa namna 120. Hiyo ndiyo hesabu ya mipangilio wanayoisoma watoto wetu wa kidato cha sita. Katika karne ya 9, Al-Kindi aliandika namna ya kuzifumbua barua za siri kwa kuhesabu kila herufi imejirudia mara ngapi, na hesabu ya marudio ndiyo mlango wa kwanza wa takwimu.

MKEKA WA MECHI NANE

Faida ya elimu hii haiishii katika cheti. Kijana mmoja wa kikundi, ambaye sitamtaja kwa chochote kitakachomtambulisha, alikuwa akibeti kila wiki. Siku moja aliuleta mkeka wake kama swali. Alikuwa amechagua mechi nane, akaamini kuwa katika kila mechi ana uwezekano wa 6 kati ya 10 wa kupatia. Wenzake hawakumshambulia. Walimwomba azidishe mwenyewe.

Iwapo mechi moja haitegemei nyingine, sita ya kumi izidishwe kwa nafsi yake mara nane. Alizidisha, akarudia, akapata takriban 0.017. Maana yake, pamoja na ujuzi wote aliojihesabia, mkeka kama ule utaitikia chini ya mara 2 katika kila mara 100. Na mwenye kuendesha mchezo hupanga malipo yawe pungufu kuliko hatari anayoibeba mchezaji, la sivyo asingebaki sokoni. Kisha wakahesabu shilingi 2,000 kila wiki kwa wiki 52, ikawa shilingi 104,000. Kijana alitazama ubao kwa muda mrefu, kisha akaketi.

Hukumu ya kamari kila msomaji wa gazeti hili anaijua, na vijana wetu wameisikia mimbarini tangu utotoni. Siku ile hesabu ilikuja kuwa shahidi wa pili, tena shahidi aliyeitwa na kijana mwenyewe. Miezi kadhaa sasa imepita, na ada ya mtihani wake wa majaribio ameilipa kwa wakati.

KUSAIDIANA SI KUNAKILIANA

Baba mmoja alikuja kwangu kulalamika. Mwanawe ni hodari wa Hisabati, na kwa maoni yake alikuwa akipoteza muda kuwabeba wenzake. Nilimwomba akae nasi jioni moja. Aliona mwanawe akiulizwa na mwenzake kwa nini katika swali la “angalau” tunatoa katika moja. Kijana hodari alijibu kuwa ndiyo kanuni. “Kwa nini?” Hakuwa na jibu. Alikuwa akipata vema kwa miaka miwili bila kujua anachokifanya. Ilimchukua robo saa kulifikiria, na alipolieleza lilimtoka likiwa limekamilika. Yule baba hakulalamika tena.

Vijana wamejiwekea masharti manne, nami nimeona ni mazuri kwa kila kikundi. Kwanza, mtu haonyeshwi jibu mpaka aonyeshe alipofikia. Pili, aliyesaidiwa lazima amweleze swali hilo mtu wa tatu, ili ijulikane kuwa ameelewa. Tatu, kosa huandikwa ubaoni bila jina la mwenye kosa. Nne, hakuna karatasi inayodaiwa kuwa ya mtihani uliovuja itakayoingia chumbani.

Sharti la nne si la mapambo. Baraza la Mitihani limekuwa likifuta matokeo ya watahiniwa wanaobainika kudanganya, na miaka minne ya jasho la mzazi hupotea kwa karatasi moja. Anayemnong’oneza mwenzake ndani ya chumba cha mtihani humponza, naye hujiponza. Anayemsaidia wiki kumi kabla humpa kitu ambacho msimamizi hawezi kumnyang’anya.

JUKUMU LETU WAZAZI

Katika chumba cha wasichana idadi hupungua na kuongezeka, na sababu yake inajulikana. Saa za jioni ni saa za jikoni. Mama mmoja muuza vitumbua alikuwa akimzuia binti yake kwa sababu hana msaidizi mwingine. Binti hakubishana na mama yake. Aliandika mauzo ya siku saba: 60, 65, 62, 70, 58, 64 na 181. Hiyo ya mwisho ilikuwa siku ya oda ya shughuli. Wastani wake ni 80, na kwa kukisia kichwani mama alikuwa akipika karibu idadi hiyo kila siku, vingine vikibaki na kugawiwa majirani. Binti alipanga namba kuanzia ndogo, akachukua ya katikati, 64. Akamweleza mama kuwa siku moja ya oda imeuvuta wastani juu, na kwamba siku za kawaida apike sabini havitapungua. Mama alijaribu wiki mbili. Mabaki yalipungua, na unga na mafuta vilivyookolewa vikaonekana kwenye mfuko. Siku hizi binti hufika kila Jumamosi, na mama ndiye anayemhimiza asichelewe.

Wazazi na walezi, hatuhitaji kujua Hisabati ili kuwasaidia watoto wetu. Tunaweza kuwapunguzia kazi siku mbili katika wiki. Tunaweza kumwambia mtoto atueleze alichojifunza, nasi tusikilize mpaka mwisho, kwani anayeweza kumweleza mama yake kwa Kiswahili ataweza kuliandika kwa Kiingereza. Tunaweza kuuliza rafiki zake wanakutana wapi na kujiridhisha na mahali hapo. Na kamati za misikiti zinaweza kufungua vyumba ambavyo baada ya darasa la asubuhi hukaa vitupu hadi kesho yake. Gharama ya kikundi chetu ni chaki, taa na mtu wa kufunga mlango.

Mitihani ya mwaka huu iko karibu. Zimebaki Jumamosi chache, na ubao wetu bado una nafasi ya kuandikia. Mwenye mtoto amlete, na mwenye kujua aje kusaidia.

Wabillahi tawfiq.